Vipira vya Sikio la Mama

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la kushona nguo, na mguu wake mmoja umewekewa kipande cha raba chini ili lisiyumbe. Aliyekiweka ni fundi viatu wa hapo hapo, anaitwa Soli, na hakumtangazia mtu. Siku moja watu walikaa tu wakaona kahawa haimwagiki tena. Karibu na Soli hukaa Wembe, kinyozi, ambaye ameshika vichwa vingi hata anaamini anajua na vilivyomo ndani. Mwisho wa benchi hukaa Bomba, fundi wa mabomba, mtu wa sauti kubwa, na begi lake la vifaa limelala miguuni kama mbwa aliyeshiba. Shangazi Birika, muuza kahawa, yeye hakai kabisa. Anasema akikaa tu, wale watu wanajimiminia wenyewe na sukari inaisha kimiujiza. Mwenye duka ni Pindo, fundi cherehani, mtu mpole, huongea huku pini ziko mdomoni. Alasiri hiyo Pindo alitoka nje bila pini. Alikuwa amebeba kitambaa cheupe kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kifaranga, akakaa katikati yao, akakikunjua juu ya mapaja.

— Jamani, nisaidieni, akasema. Leo nimekwama.

Juu ya kitambaa kulikuwa na vispika vya masikioni, vile vya kuchomeka ndani ya tundu la sikio, na pembeni yake vipira laini vya kuvalisha kwenye ncha: jozi ndogo, jozi ya kati na jozi kubwa.

— Vitu gani hivi? Bomba akainama. Mbona kama uyoga?

— Vipira vya vispika. Unavalisha hapa kwenye ncha, halafu ndiyo unaingiza sikioni.

— Sasa tatizo liko wapi?

Wote walijua mama yake Pindo amelazwa, amefanyiwa upasuaji wa macho. Lakini hili la vispika hawakulijua.

— Macho yamefungwa yote mawili, akasema. Daktari kasema bandeji hazitoki mpaka keshokutwa. Yuko gizani tu. Hataki redio, hataki hadithi zangu, anamtaka mdogo wake. Na mama mdogo yuko mbali, miguu haimruhusu kusafiri. Basi akajirekodi kwenye simu, mazungumzo marefu ya utoto wao, akanitumia.

— Jambo zuri sana, akasema Wembe.

— Nesi hataki sauti ya nje, wodini kuna watu wanapumzika. Ndiyo nikanunua hivi. Jana nikamvalisha mama, akatabasamu, nikaondoka nimeridhika. Leo asubuhi nesi kanipigia. Anasema vilianguka. Kamkuta mama anapapasa shuka. Kamuuliza, mama, unatafuta nini? Mama kamjibu, namtafuta mdogo wangu, alikuwa anaongea hapa sasa hivi.

Shangazi Birika akamimina kahawa, akaweka sukari mara mbili bila kuulizwa, akamkunjia Pindo vidole kwenye kikombe, maana aliona mkono wenyewe umesahau kushika.

— Nesi kanitolea vispika na simu ya mama getini, Pindo akaendelea, na mlango wa wageni unafunguliwa jioni hii. Kumbe kwenye pakiti kulikuwa na vipira vya saizi tatu, mimi nilidhani ni vya akiba. Sasa niweke kipi, visianguke tena?

Swali lilikuwa dogo. Lakini kijiweni pale, maswali makubwa yalimalizwa kwa kikombe kimoja. Madogo ndiyo yaliyokuwa yanakula mchana mzima.

— Hilo tu? Wembe akajinyoosha. Kaka, umefika kwa mwenyewe. Wahenga walishapima zamani. Sikio halipiti kichwa.

— Maana yake?

— Maana yake pima kichwa! Kichwa kikubwa, kipira kikubwa. Kichwa kidogo, kipira kidogo. Cha mama kikoje?

— Cha kawaida.

— Basi cha kati. Funga kitambaa chako tunywe kahawa.

— Subiri kwanza, akasema Soli. We Wembe, wewe mwenyewe una kichwa kama boga na masikio kama vifungo vya shati. Hao wahenga wako walikuona?

Shangazi Birika akacheka mpaka mfuniko wa birika ukagonga. Wembe akajipapasa masikio.

— Sikilizeni, akasema Soli. Sikio si mtu wa kichwa. Linakaa tu hapo. Ndugu yake halisi ni mguu.

— Mguu!

— Mmesahau? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa nini asivunjike mkono? Kwa nini asing'oke jino? Wazee walijua, sikio na guu ni mshipa mmoja. Na kazi yangu mimi ni miguu. Kiatu hakinunuliwi asubuhi, ndugu zangu. Kinanunuliwa jioni, mguu ukiwa umevimba.

— Kwani sikio nalo huvimba jioni? Pindo akauliza, na aliuliza kweli.

— Linasikia maneno ya watu tangu kunapambazuka. Lisivimbe, ni jiwe?

Pindo akafikiri. Jana alimvalisha mama jioni, na asubuhi nesi akakuta vimeanguka. Maneno ya Soli yalikuwa yanaanza kumwingia akilini, na jambo hilo likamtia hofu.

— Kwa hiyo jioni nimwekee vikubwa, asubuhi nesi amwekee vidogo?

— Umepata. Na uache nafasi ya kidole gumba mbele.

— Ndani ya sikio, Soli? Kidole gumba?

— Basi kidole kidogo. Usiwe mbishi, nakusaidia.

Bomba alikuwa ametulia muda wote, na Bomba akitulia ujue anapakia.

— Mnapoteza wakati, akasema. Hapa suala ni maungio tu. Hili ni bomba, akagusa kispika. Na hili ni bomba, akagusa sikio la Wembe, Wembe akajivuta. Bomba linapokutana na bomba, pakivuja hapana mazungumzo. Sauti ni kama maji. Weka kipira kikubwa, zungushia ile tepu nyeupe ya kufungia mabomba, kaza. Nakuapia, keshokutwa daktari ataomba spana.

— Na hilo bomba la sikio linakwenda wapi? Shangazi Birika akauliza.

— Linatokea sikio la pili. Shangazi, hujawahi kuona? Mtu unamwambia neno, linaingia huku, linatokea kule. Njia iko wazi.

— Ehee, akasema Soli polepole. Sasa mama wa watu akizibwa pande zote mbili...

Bomba akageuka kumtazama Soli. Huko alikuwa hajafika.

— ...hayo maneno ya mama mdogo yatatokea wapi? Soli akamalizia.

— Yatajaa, akasema Wembe.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Soli kwa huzuni.

— Na ndiyo maana vijana wakivaa hivi vitu wanatikisa vichwa, Bomba akadakia, amepata pa kutokea. Si muziki ule. Wanapunguza presha!

Pindo akanywa kahawa yake bila kuionja. Alikuja na swali moja. Sasa alikuwa na mengi, na mojawapo lilihusu kidole gumba.

— Nyie, akasema Shangazi Birika, mnabishana juu ya nguo iliyo mkononi. Si mvijaribu?

Hapo Wembe akainuka, akaenda kibandani kwake, akarudi na pamba na chupa ya spiriti anayofutia mashine zake za kunyolea.

— Masikio ya mgonjwa hayachezewi, akasema. Hakuna kipira kitakachotoka sikio hili kikaingia lile bila kupita kwangu.

Na hakutania. Alifuta kila kipira kila kilipotoka sikioni, ndani na nje, akakipuliza, akakiweka kwenye ncha safi ya kitambaa, mpaka ngozi ya vidole vyake ikabadilika rangi kwa spiriti. Pindo aliona. Alitaka kumshukuru, ila Wembe alikuwa anafuta huku anamtukana Soli, na shukrani haikupata pa kupenya.

Wakaweka muziki. Sauti ya mama mdogo Pindo aliikataza. Hiyo ilikuwa ya mama.

Soli akaanza na kidogo. Akakunja uso.

— Nasikia kama mtu anapiga ngoma nyumba ya tatu.

Akakisukuma kwa kidole. Macho yakamtoka.

— Sasa ameingia sebuleni!

Akaachia kidole.

— Katoka tena. Huyu mpigaji vipi?

Wembe akachukua kikubwa. Kuingia kiligoma, akakisokota, akauma meno, chozi likamtoka. Kikaingia. Watu wakashangilia. Halafu polepole, bila kuguswa na mtu, kikaanza kurudi nyuma chenyewe, kikamdondokea kiganjani.

— Kimenikataa, akasema Wembe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

Bomba akavaa cha kati. Akatafuna hewa, akatikisa kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa. Cha kulia kikatulia. Cha kushoto kikaanguka. Akajaribu kidogo upande huo wa kushoto. Kikatulia.

— Kulia cha kati, akasema. Kushoto kidogo.

— Kichwa kimoja, saizi mbili? Soli akamsogelea. Kaka, hiyo si kawaida. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Ongozana na Pindo hospitali.

— Nimeharibika? Bomba akauliza. Sauti yake yote kubwa ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameshika masikio yake mawili, anayalinganisha kwa vidole.

— Hujaharibika, mwanangu, akasema Shangazi Birika, akimwongezea kahawa. Umezaliwa hivyo.

— Hilo ndilo linalonitisha, shangazi. Miaka yote hii, na hakuna aliyeniambia.

Mambo yalipofika hapo Wembe akasema ipigwe kura, kwa sababu hekima ya wengi haipotei. Soli akapigia cha kati, kwa sababu kidogo kilimletea mpigaji asiye na msimamo. Wembe akapigia cha kati, kwa sababu kikubwa kilimkataa. Bomba akapigia cha kati kwa sikio la kulia, na kura ya kushoto ikahesabiwa kuwa imeharibika. Shangazi Birika akasema hapigi kura mtu asiyekaa kwenye benchi, lakini akipiga, atapiga cha kati.

— Cha kati kimeshinda! Wembe akatangaza, na mtu mmoja aliyekuwa anapita barabarani akapiga makofi bila kujua kitu.

Pindo naye akafurahi. Akachukua kipira cha kati, akakivalisha kwenye ncha ya kispika, akakitazama. Mikono yake ikasimama.

— Jamani. Cha kati ndicho kilichokuwepo jana.

— Kipi?

— Hiki. Ndicho vilichokuja nacho. Ndicho kilichoanguka.

Wote wakakiinamia kipira.

— Na tumekichagua sote, akasema Wembe.

— Kwa kishindo, akasema Soli.

— Uchaguzi urudiwe, akasema Bomba.

Lakini moyo wa kura ulikuwa umeshawatoka. Barabarani watu walikuwa wameanza kupita na vikapu na chupa za chai, wote wakielekea upande mmoja, upande wa hospitali. Pindo aliwatazama. Alimwona mama yake akipapasa shuka. Akasema labda ashone utepe wa kuzungushia kichwani, uvibane vispika. Wembe akamwambia kichwa cha watu kina bandeji tayari, si mzigo wa kuni. Soli akakohoa.

— Ninayo gundi ya viatu ambayo hata ukiloweka...

— Soli! wakapiga kelele wote.

— Nilikuwa nasema tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

— Usitaje kufa hapa, akasema Shangazi Birika, na Soli akaomba radhi, akamshika Pindo bega, akaliacha pale kwa muda.

Ndipo akaja mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, kuchukua viatu alivyoviacha kwa Soli. Shangazi Birika akamvutia ndoo iliyopinduliwa akae. Soli akaanza kutafuta viatu kwenye gunia, na Bomba, asiyeweza kukaa na jambo, akamsimulia mgeni yote tangu mwanzo: mama, macho, mdogo wake, shuka, vipira, sikio na mguu, bomba na bomba, kura. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, huku mkono wake nyuma ukimpigapiga mtoto taratibu.

— Poleni sana, kaka, akamwambia Pindo. Mungu amjalie mama. Naomba niulize kitu kimoja.

— Uliza, dada yangu.

— Masikio yenyewe ya mama yakoje? Matundu yake ni makubwa au madogo?

Pindo akajibu haraka, kama mtu anayeulizwa jina lake.

— Mama bega lake nalijua, mkono wake naujua, urefu wake kutoka bega mpaka kifundo naujua. Magauni yake yote nashona mimi, hata simpimi, nakata tu kwa kichwa...

— Masikio, kaka.

— Masikio yake ni...

Mama alikuwa mtu wa kitambaa kichwani tangu Pindo apate akili. Hata jana, alipomvalisha vispika, alipenyeza mkono chini ya kitambaa kwa kupapasa, uso ameugeuza dirishani, kwa sababu mama hapendi kuonekana kichwa wazi na yeye hakutaka kumvunjia heshima. Vitambaa vyenyewe alivikata yeye. Alijua kila pindo lake. Chini yake hakujua kuna nini.

— Ni ya kawaida, akasema, na mwenyewe akasikia kwamba hilo si jibu.

— Wewe nawe, akasema Wembe. Mtu na mama yake! Mimi masikio nayaona kutwa nzima. Kwa mfano ya mama yangu mimi, ya mama yangu...

Akafumba macho. Wakamsubiri.

— Yako hapa, akasema, akigusa la kwake la kulia. Na hapa.

Hakuna aliyecheka. Soli alikuwa ameinama kwenye gunia, kiatu kimoja mkononi, amesahau cha pili.

— Mimi navikumbuka vidole vya mama, akasema. Vilikuwa vinajua kuvuta sikio langu, vile vidole. Lakini masikio yake... Hapana. Sijui.

— Huyu wangu ya kwake nayaosha kila siku, akasema yule dada, kana kwamba anawaombea radhi. La kushoto limejikunja kidogo juu, kama jani.

Bomba akainuka, akaacha begi lake la vifaa pale pale.

— Unakwenda wapi? Shangazi Birika akamuuliza.

— Nyumbani mara moja. Mama yangu atakuwa amekaa kibarazani saa hizi.

Akaenda. Shangazi Birika akainua birika ammiminie Pindo kikombe cha mwisho, birika likatoa matone, likaishia hapo. Pindo akarudisha kikombe kitupu kwa mikono miwili. Akaviweka vipira vyote kwenye kitambaa, vidogo, vya kati na vikubwa, maana hakuwa na sababu ya kuacha hata kimoja, akakunja, akaingia kwenye ule mkondo wa watu wenye vikapu.

Wodini alimkuta mama amelala chali, mikono juu ya shuka, uso umeelekezwa darini kama anaona.

— Ni wewe, akasema mama kabla hajasalimiwa. Unakanyaga kama unaogopa kuchana kitu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Alitoroka yule. Alikuwa kwenye habari nzuri kabisa.

— Najua, mama. Nisamehe. Naomba nikifungue kitambaa kidogo. Nataka nione masikio.

— Yamefanya nini?

— Hayajafanya kitu. Mimi ndiye sijawahi kuyaona.

Mama akageuza kichwa kwenye mto, polepole, akampa upande mmoja.

Pindo akakunjua kitambaa alichokikata mwenyewe. Sikio lilikuwa dogo mno. Alidhani litakuwa la mtu mzima. Lilikuwa kama la mtoto, limelala karibu kabisa na kichwa, na tundu lake jembamba kiasi kwamba aliona aibu kwa kile kipira cha kati alichokisokomeza jana. Ncha ya chini ilikuwa na alama ya tobo la hereni lililokwisha kuziba. Hakujua kama mama aliwahi kuvaa hereni. Akamgeuza upande wa pili, akaangalia, akavalisha vile vidogo kabisa, akasukuma kwa upole. Akamwambia atafune. Mama akatafuna. Akamwambia ageuke huku, ageuke kule. Vikakaa. Akamfunga kitambaa chake vizuri kama kilivyokuwa, akabonyeza simu.

Midomo ya mama ikaanza kucheka yenyewe.

— UMEONA HUYU? akapiga kelele ghafla, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Wodi nzima ikaruka. ANASEMA GAUNI LILILOLIWA NA MBUZI LILIKUWA LANGU! MUONGO! LILIKUWA LAKE!

— Mama, taratibu, Pindo akamnong'oneza.

— LAKE KABISA! NA MBUZI ALIMFUNGULIA YEYE!

Nesi akaja mbio, kidole mdomoni. Lakini mama haoni kidole, na sasa alikuwa hamsikii mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa mdogo wake. Pindo akasimama katikati yao, hajui amshike nani. Nesi alikuwa tayari amenyoosha mkono kuelekea kwenye waya, ndipo mgonjwa wa kitanda cha jirani, bibi mmoja mwenye mguu ulioning'inizwa, akainua mkono wake.

— Mwache kwanza, mwanangu, akasema. Tujue gauni lilikuwa la nani.